Saa moja

Barua ya kampuni ya bima ilikuwa na kurasa nne, ila sentensi iliyotupeleka sisi, waandishi wa maelezo ya mdai wa fidia, hadi Butetown, mjini Cardiff, asubuhi ile ya Novemba 2016 ilikuwa moja tu. Ilisema kwamba, kwa maneno ya mdai mwenyewe, kazi ya kuchanganya asbesto, madini ya nyuzi ya kuzuia joto, aliifanya kwa saa moja kwa siku. Siku sita kwa wiki, jumla saa sita. Sita ni chini ya nane, kiwango cha kanuni za asbesto za mwaka 1931, kwa hiyo hazimhusu.

Mdai alikuwa mzee wa Mombasa mwenye umri wa miaka 79. Alikuja Uingereza akiwa baharia wa chumba cha injini, akateremka melini kwa mara ya mwisho mwaka 1962, na kuanzia 1963 hadi 1968 akafanya kazi ya saidia fundi kwa kontrakta wa kufunika mabomba ya mvuke katika kituo cha umeme cha makaa ya mawe huko huko kusini mwa Wales. Mwenyewe alikiita pawahausi. Ugonjwa wake ni asbestosisi, yaani makovu yanayolifanya pafu kuwa gumu. Daktari akiweka kipimo chini ya mgongo na mzee akivuta pumzi, ilisikika sauti kavu kama velkro inayobanduliwa, na picha ya CT ikathibitisha.

Ugonjwa haukuwa na ubishi. Watu wengi hudhani cheti cha daktari ndicho kinacholeta fidia, wakaweka nguvu zote huko, na historia ya kazi wakaiandika kwa mistari mitatu: kibarua, pawahausi, miaka mitano. Bima hawabishani na picha ya CT. Wanabishana na mistari mitatu.

Kanuni za sekta ya asbesto za 1931 zilitaka iwekwe mitambo ya kuvuta vumbi mahali asbesto ilipochanganywa, lakini zilikuwa na mlango wa kutokea: hazikutumika ikiwa kazi hiyo ilifanywa mara moja moja tu na hakuna mtu aliyeifanya zaidi ya saa nane kwa wiki. Kanuni hizo zimepiganiwa hadi Mahakama ya Juu. Dereva mmoja wa lori, ambaye wala hakuajiriwa na kituo, alikuwa akienda kuchukua majivu katika kituo cha umeme cha Battersea, London, kati ya 1954 na 1959, na akiwa humo alipita karibu na watu waliokuwa wakichanganya uji wa kufunikia mabomba. Miaka zaidi ya 50 baadaye akapata mesotelioma, yaani saratani ya utando wa mapafu. Tarehe 22 Oktoba 2014 majaji watatu kati ya watano walisema kanuni za 1931 zilimlinda hata yeye. Kama dereva wa lori analindwa, aliyeinamia pipa analindwa zaidi, mradi saa zitimie.

Tulipofika, binti yake alikuwa jikoni anakanda unga wa mahamri. Shikamoo, marahaba, kahawa chungu mezani. Mzee hakupenda maswali ya karatasini. Alipoulizwa uji ule ulitengenezwaje, alivuta sinia la unga wa bintiye, akachukua na bakuli.

"Hili ndilo pipa. Pipa la mafuta, limekatwa nusu. Gunia la katani unalifungua kwa kisu, unalipindua. Ukilipindua taratibu, mdomo wa gunia ukiwa ndani ya pipa, vumbi kidogo. Lakini msimamizi hataki kuona unga umebaki guniani. Basi unakung'uta."

Akakung'uta. Kulikuwa na jua dogo la Novemba dirishani, na unga ukaonekana ukipanda polepole juu ya meza, ukasimama hewani, usitue. Binti akasema, "Baba, jamani!" Tuliandika neno kwa neno: gunia lilikung'utwa, mara ngapi, uso ulikuwa umbali gani na mdomo wa gunia. Kama mkono mmoja. Barakoa hakuna. Feni ya kuvuta vumbi hakuna. Maji humwagwa baada ya unga, si kabla, na hapo ndipo kosa lilipokuwa: unga mkavu ukipigwa na maji ya ndoo hutimka upya kabla haujalowa. Kisha hukorogwa kwa mikono mpaka uwe kama uji mzito wa kushika kwenye mwiko.

Swali la rangi lina maana yake. Nyuzi nyeupe, za kahawia na za buluu hazina ukali sawa, na za kahawia na buluu ndizo mbaya zaidi kwa mesotelioma. Mzee hakuhitaji kuonyeshwa picha. "Vile vigae tulivyokata kwa msumeno vilikuwa na nyuzi za kahawia, kama kumbi la nazi." Yeyote aliyekulia pwani ameona kumbi likichambuliwa. Kwenye maelezo ya Kiingereza tulilazimika kueleza kumbi ni nini, na wakili akasema liachwe lilivyo, maana mtu hawezi kulitunga.

Ndipo tukafika kwenye ile saa. Kumbukumbu ya simu, iliyochukuliwa miezi kadhaa nyuma na mkalimani kijana aliyezaliwa huko huko Uingereza, ilikuwa na swali na jibu. Swali: ulichanganya kwa saa ngapi? Jibu: saa moja.

"Mzee, ulisema saa moja. Saa moja ya nini?"

Alitutazama kama watu waliopotea njia. "Saa moja ya asubuhi. Kwani kazi huanza lini? Mafundi wanapanda jukwaani saa moja unusu, wakifika wakute uji tayari."

Masikio yake yalikuwa mazito, na ile "kwa" ya mwanzo wa swali haikumfikia. Alisikia "saa ngapi," akataja wakati. Mkalimani akasikia muda. Saa moja ya Kiswahili, ambayo Mwingereza angeiandika saa saba ya asubuhi, ikawa dakika 60 katika barua ya madai, na barua ilikuwa imekwisha kwenda. Utaratibu wa madai ya magonjwa ya kazini humpa mdaiwa siku 21 za kukiri kuwa ameipata na siku 90 za kuchunguza. Wao walizitumia vizuri: waliisoma.

Sasa ikabidi kuhesabu upya, na hapa usimwulize mtu "jumla saa ngapi kwa wiki," kwa sababu hakuna anayeijua jumla yake ya mwaka 1965. Uliza kazi yenyewe inavyokwenda. Uji ule haukai. Ukiuacha unaanza kushika, na fundi anakurudishia. Kwa hiyo huwezi kuchanganya wa siku nzima mara moja. Wakati boila limezimwa kwa matengenezo makubwa, alichanganya mapipa matatu kabla ya chakula na mawili baada yake. Kila pipa, kuanzia kukata gunia hadi kupakua kwenye ndoo, lilichukua kama nusu saa. Hiyo ni saa mbili na nusu kwa siku, kwa siku tano, na Jumamosi mapipa mawili. Jumla: saa 13 na nusu. Wiki ambazo mitambo inafanya kazi, mapipa yalipungua, na hilo nalo tuliliandika. Maelezo yanayosema kila wiki ilikuwa mbaya sawasawa huvunjika kwenye swali la kwanza.

Tuliongeza ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: kubomoa. Kabla ya kufunika upya, mfuniko wa zamani hupigwa nyundo ukaanguka sakafuni. Umekaa miaka juu ya bomba lenye mvuke wa nyuzijoto zaidi ya 500, umekauka, unabomoka ukiugusa tu. Kisha saidia fundi anafagia. Bila maji. Vumbi la kubomoa kwa kawaida linazidi la kuchanganya, na katika asbestosisi kiasi kina uzito, kwa sababu kila mwajiri hulipa sehemu yake ya vumbi tu. Mesotelioma ni tofauti: tangu sheria ya fidia ya 2006, mwajiri mmoja aliyepatikana anaweza kudaiwa yote.

Njia za fidia zilikuwa zimekwisha kupangwa kabla ya siku ile, na mpangilio wake ni kazi yenyewe. Posho ya serikali ya ulemavu wa kazini huombwa kwanza, kwa kuwa hairudi nyuma zaidi ya miezi mitatu tangu ulipoomba. Magonjwa mengi huhitaji ulemavu wa asilimia 14, lakini asbestosisi hulipwa hata ikiwa asilimia 1, na wengi hawaombi kwa kutolijua hilo. Baada yake kuna malipo ya mkupuo ya sheria ya 1979, kwa ambaye hana mwajiri aliye hai wa kumshtaki. Hayo unayakosa ukishafungua kesi au kupatana, kwa hiyo fomu yake hutangulia mahakama. Baadaye ukishinda kesi, fedha hizo hukatwa kwenye fidia. Hakuna kula mara mbili.

Kontrakta wa mzee alikuwa ameshafutwa kwenye daftari la makampuni. Hilo huwakatisha watu tamaa bure: kwa madai ya maradhi au majeraha ya mwili, mahakama inaweza kuirudisha kampuni iliyofutwa bila ukomo wa miaka. Kigumu ni bima, maana kuwakatia wafanyakazi bima kulikuwa lazima tangu 1 Januari 1972 tu, na miaka yote ya mzee ni kabla ya hapo. Ofisi ya kutafuta bima za waajiri, iliyoanza 2011, iliipata. Si kila mara. Walioajiriwa moja kwa moja na bodi ya umeme ya zamani, CEGB, wana njia nyepesi kidogo, kwa kuwa ilipogawanywa mwaka 1990 madeni yake yalirithiwa.

Mamlaka ya kodi ilitoa orodha ya waajiri kuanzia 1961, lakini orodha ile hutaja kampuni na miaka, haitaji kituo. Daraja lilikuwa fundi mstaafu, Mwelshi, aliyemkumbuka mzee kwa jina la utani na akaandika kurasa mbili. Wakili alidai pia barua ya hospitali ya miaka ya nyuma iliyotaja vibandiko, yaani mabaka magumu, kwenye utando wa mapafu. Vibandiko peke yake havilipwi England na Wales tangu 2007, ila tarehe ya barua ilibidi ijulikane, kwa sababu muda wa miaka mitatu huhesabiwa tangu mtu alipojua kuwa ameumia.

Maelezo mapya yalikuwa na kurasa 11 kwa Kiswahili na tafsiri yake ubavuni. Bima waliposoma, ile hoja ya saa sita haikurudi tena. Walihamia kwenye meli: chumba cha injini nacho kilikuwa na mabomba yaliyofungwa kwa asbesto, na mtaalamu alikubali kwamba miaka ya baharini ikatwe kwenye hesabu. "Meli nayo imekula hisa yake," mzee alisema, wala hakubishana.

Walipatana kiangazi cha 2017. Alichagua fidia ya muda, ambayo ni ndogo kuliko ya kumaliza madai moja kwa moja, lakini hati yake hutaja kwa majina mesotelioma na saratani ya mapafu, na lolote kati ya hayo likitokea anaruhusiwa kurudi. Binti aliitia hati kwenye kopo la biskuti pamoja na nakala ya maelezo. Kwenye nakala ya Kiswahili, ukurasa wa nne, baada ya maneno "saa moja", mzee alikuwa ameongeza kwa kalamu "ya asubuhi", akaweka herufi za jina lake pembeni.