Siku Moja na Pua Yangu Gereji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Naoga kwa sabuni isiyo na manukato, navaa ovaroli iliyofuliwa jana, natoka. Siku za kazi sijipaki marashi, na vijana wangu wawili nimewakataza pia. Watu wakifikiria vifaa vya fundi gari wanaona spana na jeki. Mimi kifaa changu cha kwanza ni pua, na pua haina spea.

Saa moja na nusu gereji iko wazi, na dada mmoja yuko mlangoni. Anasema akiwasha hita ananusa kitu kitamu, na kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafutamafuta ambao haufutiki. Sikufungua hata boneti. Nilibonyeza zulia la upande wa abiria, vidole vikatoka vimelowa. Kile kirejeta kidogo cha hita, kilicho nyuma ya dashibodi, kinavuja kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini. Nikamwomba asimwache mtoto wala mbwa karibu na zulia lile, maana kulanti ni sumu na utamu wake unavuta. Kufungua dashibodi ni kazi ya siku nzima, tukapanga kesho.

Saa tatu, mfuko wa plastiki umeyeyukia kwenye bomba la eksozi. Tumekwangua, basi. Saa nne, oili inachuruzika kutoka gasketi ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, na kudondokea manifoldi, bomba la moto linalotoa moshi kwenye injini. Mwenye gari alishangaa kwa nini ananusa kuungua akisimama kwenye foleni tu. Akienda kasi, upepo unaichukua harufu nyuma. Akisimama, inapanda hadi kwenye tundu za hewa.

Saa tano kasorobo akaja mzee mmoja ambaye alinichukua hadi mchana kuisha.

Gari lake linanuka yai viza. Kabla hajazima injini alishaniambia ugonjwa: katalista, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi, imekufa, fundi mwingine amesema, nimwondolee aende zake. Ni kweli katalista ikizidiwa na petroli hutoa harufu hiyo. Lakini mimi siondoi kitu ambacho sijakithibitisha, na harufu ya safarini haipimwi gari likiwa limesimama. Nikamwomba tuzunguke nalo. Akakataa. Nikamweleza tena taratibu. Akakubali kwa sharti kwamba aendeshe yeye.

Nikakaa mbele, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kikivuta hewa ya nje. Harufu hafifu. Nikakibonyeza kizungushe hewa ya ndani peke yake. Harufu ikaongezeka. Hapo nilijua haitoki mbele, kwa sababu ingekuwa ya injini ingeingia na hewa ya nje. Nikamwomba asimame, nikahamia kiti cha nyuma. Ikanipiga puani mpaka macho yakalengwa machozi.

"Mzee, betri yako iko wapi?"

"Nimekuja kwa ajili ya eksozi, wewe unauliza betri?"

"Iko kwenye buti?"

"Ndiyo, lakini haina tatizo. Ni mpya."

Mpya. Saa nzima nimemuuliza kama kuna kitu kimebadilishwa karibuni, saa nzima ananijibu hakuna. Nikamuuliza kuhusu taa: zinaungua mara kwa mara? Akanyamaza kidogo, kisha akasema amebadilisha balbu tatu ndani ya mwezi. Mficha uchi hazai, mzee wangu. Balbu zile na ile betri ya kwanza iliyokufa zilikuwa zinasema neno moja.

Tuliporudi nilimwambia aiache injini iwake, nikaunga mita: volti 16.3. Alterneta nzima huchaji takriban 13.8 hadi 14.5. Kirekebisha volti chake kimekufa, umeme unaipika betri, na tindikali iliyomo inachemka na kutoa gesi. Nikamwambia azime mara moja. Betri ilikuwa ya moto na ubavu umevimba. Na aliyeifunga hakuunganisha ule mpira mwembamba unaotoa gesi nje ya gari, kwa hiyo yote ilikuwa inaingia kwa abiria. Tulifungua milango yote, tukaweka mbali kila chenye cheche, kwa sababu betri hiyo hutoa pia haidrojeni, na haidrojeni hulipuka. Tukasubiri ipoe kabla ya kugusa terminali.

Alisubiri akilalamika. Alterneta ikafungwa, betri ikabadilishwa, mpira ukaunganishwa, mita ikasoma 14.2. Nilipomtajia gharama ya uchunguzi akasema, "Umenusa tu."

Nilinusa tu, ndiyo. Ningemsikiliza, angeondoka bila katalista na bomu kwenye buti.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Pua ikikaa ndani ya harufu moja muda mrefu inaacha kuisikia, na gesi ile ya yai viza ikizidi huifisha kabisa, ndiyo maana dereva anaweza kudhani imeisha kumbe imeongezeka. Kichwa kilikuwa kinagonga. Nilikaa nje kwenye upepo, nikamwachia kijana wangu gari lililofuata, ambalo mwenyewe alidhani linanuka klachi inayoungua. Akainama kwenye matairi, akagusa rimu moja baada ya nyingine kwa uangalifu, akasema, "Fundi, hii si klachi. Gurudumu la nyuma kushoto ni la moto, breki inang'ang'ania." Alikuwa sahihi. Nilifurahi kuliko malipo yote ya siku hiyo.

Jua lilikuwa limeshashuka wakati familia moja iliposimama. Baba alitaka dawa ya harufu tu, kwa sababu moshi unaingia kidogo na bado wana safari ndefu. Watoto wawili walikuwa wamelala nyuma. Mama akasema kila wakisafiri watoto wanalala hivyo hivyo, na yeye kichwa kinamuuma. Nilimwambia awatoe sasa hivi. Moshi mnaounusa unakuja na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, na hiyo haina harufu hata kwangu. Chini ya gari, gasketi ya eksozi ilikuwa imekatika, na juu yake sakafu ina tundu la kutu.

Baba alinikasirikia sana. Nilimweleza mara tatu, mara ya nne mkewe akachukua funguo akanikabidhi. Wakaita gari jingine. Walipokuwa wakisubiri, watoto waliamka mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuvingirisha tairi kuukuu mbele ya geti.