Mkuu wa Shule, Kikao na Uchovu wa Walimu

Ajenda ya kikao cha walimu katika shule nyingi za Tanzania hujulikana hata kabla haijasomwa: kufungua kikao, muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taaluma, nidhamu, mengineyo, kufunga. Mwalimu mwenye jambo lake husubiri mengineyo. Wakati huo saa kumi jioni imekwishapita, wenzake wamefunga madaftari, anayekaa mbali anawaza daladala, na mkuu wa shule anauliza kwa sauti ya kuaga kama kuna la ziada. Nimefundisha sekondari chini ya wakuu wenye tabia tofauti, na ninaamini kwamba dakika hizo chache zinaeleza uchovu wa walimu kuliko hata wingi wa vipindi.

Sisemi kwamba vipindi si mzigo. Tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, wanafunzi wameongezeka kwa kasi ambayo ajira za walimu hazikuifikia, na anayefundisha mikondo mitatu hubeba madaftari ya kusahihisha hadi nyumbani. Hata hivyo, mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, alieleza kwamba kazi inayomwelemea mtu zaidi ni ile inayodai mengi huku ikimwachia uwezo mdogo wa kuamua namna ya kuifanya. Mwalimu wetu hapangi mtaala, hapangi idadi ya wanafunzi wala tarehe za mitihani ya taifa. Yanayoweza kuamuliwa shuleni ni ratiba, zamu, mgawanyo wa madarasa na ruhusa, na yote hayo hupita kwenye meza ya mtu mmoja, ambaye akiwa hasikilizi, hata kile kidogo ambacho mwalimu angeweza kukiathiri kinamponyoka.

Katika shule mojawapo, mwenzetu aliyerudi kutoka likizo ya uzazi alipangiwa vipindi viwili vya mwisho siku nne za wiki, ingawa sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku kwa ajili hiyo. Alimweleza mwalimu wa taaluma, akajibiwa kwamba ratiba imeshabandikwa ukutani. Alipokwenda kwa mkuu wa shule, mkuu aligeuza simu kifudifudi mezani, akamwacha amalize, kisha akamuuliza ni siku ipi inayombana zaidi. Kesho yake alikuja mwenyewe ofisi ya walimu na jibu: siku tatu zimewezekana, ya nne haikuwezekana kwa sababu mwalimu wa kubadilishana naye ni mmoja tu. Mama yule hakupata yote aliyoyaomba, lakini aliacha kulia chooni, jambo ambalo sisi tuliokaa naye tulilijua na mkuu hakulijua.

Naitaja ile siku ya nne kwa makusudi. Usikilizaji unaotibu si kutikisa kichwa wala kukubali kila ombi. Ni kurudi na jibu na kutoa sababu. Mkuu anayeandika kila hoja kwenye daftari lake na isisikike tena ananiudhi kuliko yule mkali asiyeficha kwamba hataki kusikia, maana wa pili hakupotezei muda wa kutumaini.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kupindukia unaotokana na kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuibeza, na kujiona huna ufanisi. Dalili ya pili ndiyo inayojaa kwenye ofisi zetu. Mwalimu aliyekuwa akiandaa zana kwa mikono yake huanza kusema, "Tufundishe tu, mwezi uishe." Mara nyingi mkuu huiita utovu wa nidhamu na kuijibu kwa barua ya kujieleza, ambayo humtaka mwalimu aandike utetezi kabla hajaulizwa kinachomsibu. Kuuliza kwanza kungegharimu dakika kumi.

Haki inanitaka niseme pia kwamba mkuu wa shule mwenyewe hana wa kumsikiliza. Ujumbe wa WhatsApp kutoka halmashauri humfikia usiku, ukidai takwimu zifike kabla ya saa nne asubuhi, na wengi huusukuma jinsi ulivyo kwenye kundi la walimu, presha ikishuka ngazi hadi kwa mwalimu aliyekwishalala. Mkuu mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na utaratibu mwingine: kabla ya kuutuma popote, alimpigia simu mwalimu wa taaluma na kumuuliza ni kipi kati ya vinavyodaiwa tayari kipo. Mara nyingi karibu vyote vilikuwemo kwenye faili la mwezi uliopita, na kundi halikupokea ujumbe wowote.