Serikali ilipe, lakini ufunguo ubaki kwa wenyewe

Kila bajeti ikisomwa mwezi wa sita nasikia maneno mawili yale yale. La kwanza, ati utamaduni ni anasa, hospitali hazina dawa, kwa hiyo wenye mila wajilipie mila zao. La pili, ati anayelipa ndo anapanga. Mimi yote mawili nayakataa na nitawaambia kwa nini, manake hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, tunaishi katikati ya hayo maneno na yanatuumiza.

Chukua imbalu, tohara ya jadi ya vijana wetu Wamasaaba. Kila mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, mwezi wa nane tunafungua msimu pale Mutoto nje kidogo ya mji, vijana wanacheza nyumba hadi nyumba wamefunga njuga mapajani na wamepakwa unga, ngoma za kadodi hazilali, shangazi na wajomba wanazungukiwa wote mpaka wa mbali. Hii kitu haikuletwa na wizara yoyote. Gharama yake kubwa inabebwa na familia, kuku, pombe ya wimbi, chakula cha wageni, ngariba, wapiga ngoma, yote. Halafu siku ya ufunguzi wanakuja wakubwa kutoka Kampala na matenti na vipaza sauti, na ghafla ratiba si yetu tena, hotuba zinakula mchana mzima na vijana wamesimama juani wanangoja mgeni rasmi amalize. Mpiga ngoma mmoja wa kadodi, mzee namheshimu sana, aliniambia msimu mmoja waliahidiwa malipo na kamati fulani wakapiga siku nzima, na mpaka leo hawajui hiyo pesa ilipitia kwa nani. Si kwamba pesa haikutoka! Ilitoka, lakini haikuwa na mtu wa Mutoto wa kuiulizia.

Sasa mtu atasema shida ni sisi wenyewe, tunagombana. Ni kweli tumegombana. Baada ya Umukuuka wa pili, yaani kiongozi wetu mkuu wa mila, Bob Mushikori, mvutano wa nani akalie kiti ulituchosha kabisa, koo na koo, wilaya na wilaya, mpaka watu wakaanza kuuliza kama Inzu ya Masaaba, taasisi yetu ya mila, bado ipo. Lakini angalieni moto unachochewa na nini. Sheria ya viongozi wa mila ya 2011 na utaratibu wake umeweka mambo hivi, jina la kiongozi likiingia kwenye gazeti la serikali basi anatambuliwa, na anayetambuliwa ndo anapata posho ya shilingi milioni 5 kwa mwezi. Yaani pesa inafuata mtu, haifuati ngoma, haifuati uwanja wa Mutoto wala mafunzo ya vijana. Kwa hiyo vita vyote vinahamia kwenye jina moja kwenye gazeti moja linalochapishwa na serikali, na wazee badala ya kushawishi koo zao wanapanda basi kwenda Kampala kushawishi ofisi. Hiyo mimi siiti kusaidia utamaduni.

Na tusidanganyane kwamba mali ikiwa ya serikali kuu basi iko salama. Makumbusho ya Uganda ilianza 1908 kwenye ile ngome ya Old Kampala, ikahamahama, tangu 1954 iko Kitante, hapo hapo Kampala, kwenye jengo alilochora Ernst May. Mle ndani kuna mkusanyiko wa ala za muziki ambao Klaus Wachsmann aliukuza alipokuwa mkuu wa makumbusho, ngoma, zeze, marimba za kila kona ya nchi, na hizo si za kuangalia tu, ni za kupigwa. Halafu 2011 ikatoka habari kwamba serikali yenyewe inataka kujenga pale mnara wa ghorofa 60 wa kibiashara na makumbusho ipewe nafasi humo ndani! Walioipigania ni raia, watu wa urithi na mashirika yasiyo ya serikali, walikwenda mpaka mahakamani, na mpango ukafa. Jengo bado limesimama Kitante kwa sababu kuna watu hawakuwa na cheo chochote pale lakini walisema hii ni yetu. Jumba la Taifa la Maonyesho, ule ukumbi wa maigizo wa Kampala, nalo liko chini ya sheria ya 1959, sheria ambayo ni kongwe kuliko uhuru wetu, na kila miaka michache wasanii wanashtuka kusikia kiwanja kile kinatajwa tajwa na watu wenye mipango ya majengo marefu. Msanii anayefanya mazoezi pale kila jioni hana kura.

Mfano ninaoupenda mimi, pamoja na uchungu wake, ni Kasubi, Kampala. Makaburi ya makabaka wanne, yaani wafalme wa Buganda, Mutesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili, yaliingia urithi wa dunia wa UNESCO 2001, na usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, ikateketea. Kesho yake Rais alipokwenda, umati ulijaribu kumzuia, risasi zikapigwa na watu wakafa. Nataja hilo kwa sababu linaonyesha swali la nani mwenye mahali si la makaratasi, watu walikuwa tayari kusimama mlangoni. Baada ya hapo pesa za kujenga upya zilitoka pande nyingi, serikali ikachangia, Japani ikasaidia kupitia UNESCO, na Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Charles Peter Mayiga akaanza ile kampeni ya michango ya Ettoffaali, maana yake tofali, 2013, akazunguka kaunti kwa kaunti na watu wa kawaida wakatoa walichonacho, mia tano, elfu moja. Lakini kuezeka, hapo ndo nataka mtulie, kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Uwe na dola ngapi, uwe na mhandisi kutoka wapi, nyasi za ile paa hazipandishwi na mwingine, kuna miiko, kuna kazi ya ukoo wa Ngo kwenye zile pete za ndani za paa, na fundi wa tenda hawezi kuingia tu na ngazi yake. Ilichelewa mno, miaka na miaka, watu walilalamika na nilikuwa mmoja wao. Ila 2023 UNESCO iliitoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na kwa muda wote huo vijana wa ukoo walikuwa wanajifunza kuezeka kutoka kwa wazee. Kandarasi ya haraka ingetupa paa, isingetupa waezekaji.

Kwa hiyo sisemi serikali ikae na pesa zake. Kuna makumbusho ndogo za jamii nchi hii zinaishi kwa jasho la mtu mmoja na mradi wa mfadhili wa nje, mradi ukiisha mlango unafungwa, vitu vinaliwa na mchwa. Kodi tunalipa sote, mwenye kibanda cha chapati analipa, mwenye boda analipa, basi sehemu irudi kwenye kitu kinachotufanya tuwe watu. Naidai kama haki kabisa.

Na mfano wa jinsi ya kuirudisha upo hapa hapa. Kwenye hifadhi za wanyama sheria inasema 20% ya viingilio vya getini irudi kwa jamii zinazopakana na hifadhi. Ina matatizo yake, pesa inachelewa, wilaya zinavutana, lakini angalau mwanakijiji ana namba ya kudai. Nataka kuona namba kama hiyo pale Nyero, Kumi, kwenye michoro ya miamba, ambapo majirani ndo wanajua mawe yale tangu babu zao. Nataka kamati ya Mutoto yenye wapiga ngoma na mangariba na akina mama wanaopika, akaunti iwe hapa Mbale na hesabu zibandikwe ukutani watu wasome, na mkaguzi wa serikali aje akague anavyotaka, hiyo ni haki yake. Kupanga nani acheze saa ngapi si haki yake.

Jambo la mwisho na ni la karibu. Mwaka 2024 chuo kikuu cha Cambridge kilirudisha Uganda vitu 39 vilivyochukuliwa enzi za ukoloni, vikaingia Kitante, lakini kwa mkopo wa miaka mitatu. Vitu vyetu, kwa mkopo! Muda huo unaishia 2027, na kabla wakubwa hawajakaa mezani kuongea tena na Cambridge, wazee wa zile jamii ambako vitu vilitoka waitwe, walipiwe nauli na kulala, na wapewe nafasi ya kusema kama wanataka vibaki Kampala ama virudi nyumbani.