Macho ya bibi
Jana nilikuwa Nzega kwa bibi. Nimemkuta jikoni anapuliza kuni mbichi, moshi umetanda, macho yamemwiva mekundu kama pilipili. Roho ikaniuma. Huku kwetu Unyamwezini macho mekundu hayo hayo yamewaponza vikongwe wengi, wakaitwa wachawi: mganga anapiga ramli, jina la mtu linatajwa, usiku mapanga. Sheria ya Uchawi hapa Tanzania ipo tangu 1928, na 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Ila vibao vyao na namba za simu bado naviona kwenye nguzo za umeme! Uingereza walifuta sheria yao ya uchawi 1951, leo wapo wanaojiita wachawi hadharani, hawaguswi. Bibi yangu hajajiita chochote. Anasonga ugali tu. Nimemwachia hela ya jiko la gesi.