Nilivyopata nafasi ya utafiti Kigoma nikiwa mwaka wa pili wa saikolojia

Likizo ndefu ya mwaka wa pili nilirudi nyumbani Ujiji na barua tatu za maombi. Nilitaka nafasi yoyote ya kujifunza kazi: kukaa na mshauri nasaha, kupanga mafaili, chochote. Nilizipeleka kwa mkono. Ofisi ya kwanza waligonga muhuri, na mpaka leo sijajibiwa. Mbili zilizobaki wakaniambia wanapokea wa mwaka wa mwisho tu. Iliniuma.

Kilichonifungulia njia ni barua pepe ya mistari sita. Mhadhiri wetu wa mbinu za utafiti aliwahi kugusia darasani kwamba anajaribu dodoso la sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, depression) kwa wanawake wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Nikamwandikia kwamba mimi ni wa Ujiji, naongea Kiha, nimefaulu takwimu na nina wiki nane. Akajibu siku hiyohiyo: una cheti cha maadili ya utafiti? Sikuwa nacho. Nilikipata TRREE, kozi ya bure mtandaoni, nikisoma usiku kwa bando la simu. Wenzangu wa saikolojia, nawasihi kichukueni mwaka wa kwanza, maana nafasi ikija haikusubiri ukasome.

Dodoso lenyewe ni PHQ-9, lililochapishwa 2001. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Mtu akifika 10 anastahili kufanyiwa tathmini zaidi. Tafsiri ya Kiswahili ilikuwepo. Kazi yangu ilikuwa kusoma swali, kisha kumwuliza mama ameelewaje. Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, sikuruhusiwa kulitamka mpaka niwe nimekariri hatua za kufuata, na namba ya muuguzi iwe kwenye simu yangu.

Asubuhi moja Kibirizi nilimkuta mama mmoja anaanika dagaa. Nikamwamkia, akanikaribisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamsomea swali la kwanza, la kukosa hamu au raha ya kufanya mambo. Akaendelea kutawanya dagaa kwa vidole.

"Mwanangu, kazi hii nani anaifanya kwa raha? Nafanya ili watoto wapate kula."

Kwa maneno yale angepata alama 3, na hakuwa mgonjwa. Tulipoligeuza kuwa "mambo ambayo zamani yalikuwa yanakufurahisha", alinyamaza kidogo, akasema kwaya bado anaipenda sana. Swali la usingizi likaleta jingine. Alisema wiki hizo halali kwa sababu ni giza: mitumbwi inavua kwa taa usiku na yeye lazima awe ufukweni alfajiri. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, naye analala.

Nilitetemeka nikiandika. Wiki mbili za dodoso zinaweza kuangukia giza tupu au mbalamwezi tupu, na alama zikabadilika bila moyo wa mtu kubadilika. Usiku ule nilimpigia mhadhiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niandike ukurasa mmoja.

Ukurasa ule ndio pendekezo langu la utafiti wa mwaka wa tatu. Nimeshahesabu miandamo ya mwezi. Narudi Kibirizi kuwauliza akina mama walewale mara mbili, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi.