Siku Moja Maishani Mwangu: Mtu wa Mashine, Mambrui

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua kisiagi, yaani mashine ya kusaga nafaka, hapa Mambrui, kaskazini mwa Malindi ukishavuka mto Sabaki. Nafagia, natia grisi, nakagua belti, kisha napitisha mahindi kidogo yasukume mabaki ya jana. Watu husema kazi ya mtu wa mashine ni kubonyeza swichi. Haya, bonyeza wewe, kisha uniambie kwa kusikiliza tu kama nyundo zimegonga kokoto au ni mahindi hayajakauka.

Mpaka saa nne ni debe baada ya debe: mahindi, mtama, makopa. Watoto wanatumwa na vibaba, wamama wa mashambani wanashushwa na bodaboda na nusu gunia.

Saa nne na nusu akafika mama mmoja na gunia la mahindi. Akataka kilo ishirini zikobolewe kwanza. Tukapima wote wawili, akaona. Nikakoboa, nikasaga, tukapima tena: unga kilo kumi na tano.

"Kilo tano zangu ziko wapi?"

Nikamwonyesha pumba. Tukaipima nayo, ikafika kilo nne na kitu.

"Na hicho kitu kingine?"

"Mama, mahindi yakisagwa yanapata moto, maji yanatoka. Na vumbi hili unaloliona kwenye nyusi zangu ni unga vilevile."

Akanitazama nyusi kana kwamba nimezificha humo makusudi. Akaniambia vijana wa siku hizi hatuogopi Mungu. Akawageukia wenzake kwenye foleni, akaanza upya tangu kwenye mizani. Alitaka unga mweupe kama wa pakiti na uzito wa dona, na mashine ya kumpa vyote viwili sijaiona bado. Nikamwambia alete nusu ya mahindi yaliyobaki kwenye gunia lake tuyasage bila kukoboa, alinganishe. Akakubali. Nikayamimina, mashine ikanguruma, umeme ukakatika.

Mahindi yake tumboni mwa mashine, foleni mpaka barabarani, jua la saa sita. Hakuna pa kukimbilia.

Tukakaa chini ya mwarobaini. Kijana mmoja wa bodaboda, mgeni wa huku, akatupa neno: Wapwani hatupendi kazi, hata Waingereza walishindwa nasi. Nimekuwa nimesimama tangu alfajiri na mapafu yana unga. Nikaona leo hili halipiti.

Nikamwonyesha upande wa bahari. Karne ya 19 majahazi yalipakia mtama, mahindi na ufuta Malindi na hapa Mambrui, yakapeleka mpaka Uarabuni. Waliolima walikuwa watumwa, kwenye mashamba ya Waarabu na Waswahili wenye nacho, na hilo tusilifunike. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907, wenye mashamba wakabaki na ardhi bila mikono. Nafaka haikukoma lakini. Wagiriama waliovuka Sabaki walilima wenyewe, wakauza kwa wenye maduka wa hapa. Sasa mtu mwenye mahindi yake ghalani, ataenda kuajiriwa na mzungu ili apate nini?

Hapo ndipo serikali ya Waingereza ilipokasirika, maana ilitaka vibarua. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, akawaapisha watu wasitoe vijana wao. Akakamatwa mwaka 1913, akapelekwa Kisii, akatoroka. Agosti 1914 Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ikalipuliwa kwa baruti, nyumba zikachomwa, Wagiriama wakaamriwa waondoke upande wetu huu wa mto, wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa vibarua 1,000.

"Uvivu gani huo unaotibiwa kwa baruti?" nikamuuliza.

"Na unga wangu?" akauliza mama.

Umeme ukarudi mchana, saa nane imeshapita. Dona yake ikatoka karibu sawa na alivyoleta. Hakusema kitu, ila aliniachia pumba nimpelekee jirani mwenye kuku, na kwa mama yule hiyo si haba.

Baada ya hapo sikutazama saa tena. Mgongo, masikio, koo. Ilishaadhiniwa magharibi na bado naambiwa "kibaba kimoja tu, kaka". Belti imeanza kuchanika pembeni, kesho lazima nishuke Malindi kutafuta nyingine kabla haijanikatikia kazini.

Nyumbani nikaulizwa kama nipikiwe sima. Nikasema wali.