Kutofautisha prufu: nilipofikia hadi sasa

Machi. Mradi huu wa kutofautisha sarafu za prufu (proof, zilizogongwa kwa uangalifu wa pekee) na zile zilizosuguliwa tu zing'ae ulianza na hasara ya shilingi elfu moja na mia tano. Jumapili moja pale sokoni Kibuye, Kisumu, muuzaji wa vikorokoro alinionyesha shilingi ya Afrika Mashariki ya 1924, ile ya Mfalme George wa Tano, yenye simba na milima upande wa pili. Iling'aa kama sufuria ya dukani. "Hii ni prufu, mkubwa. Si unajiona uso?" Nikajiona uso, nikalipa.

Siku tatu baadaye stima ikapotea Manyatta yote. Nikaitazama kwa tochi ya simu, na ikaniumbua. Michirizi ya mviringo ilijaa kote, ikapita uwanjani (sehemu tupu inayozunguka picha), ikapanda mgongoni mwa simba na kushuka upande wa pili. Taa ya dari humwaga mwanga kila mahali na huficha aibu kama hizi. Tangu usiku ule nakagua gizani, kwa tochi moja, huku nikiizungusha sarafu polepole.

Aprili. Nimeelewa kosa langu. Prufu ni namna ya kutengeneza sarafu, wala haihusu usafi wake. Chapa za chuma zinazogonga sarafu husuguliwa zikawa kioo, kipande cha madini kitakachokuwa sarafu nacho huandaliwa, kisha hugongwa zaidi ya mara moja kwa nguvu. Ndiyo maana herufi hutoka na kona kali na ukingo huwa bapa. Simba wangu manyoya yameisha, na herufi zimelegea kama sabuni ya juzi.

Prufu halali pia huweza kuwa na michirizi, na hapa nilikwama wiki nzima. Mikwaruzo iliyokuwa kwenye chapa hutokea juu ya sarafu ikiwa *imeinuka*, na hukomea pale picha inapoanza, kwa sababu picha kwenye chapa ni shimo ambalo kisuguo hakikufika. Mikwaruzo ya kitambaa na dawa ya kung'arishia imechimbwa ndani, na hupita juu ya kila kitu. Kwa lenzi ya mara kumi tofauti inaonekana wazi.

Mei. Baba mdogo, aliyewahi kuishi Uingereza, kanipa seti ya prufu ya 1970: sarafu nane na medali, pesa za mwisho za mtindo wa kale kabla ya desimali kuingia 1971. Nikasimamisha gazeti nyuma ya nusu krauni, mojawapo ya sarafu hizo, na kusoma kichwa cha habari ndani yake. Kwenye shilingi ya Kibuye niliona wingu tu.

Aina nyingine za prufu, kwa kifupi. Kameo ina uwanja wa kioo na picha nyeupe kama ukungu. Zamani ukungu ule uliisha kwenye chapa baada ya kugonga sarafu chache, kwa hiyo kameo kali za miaka hiyo ni adimu. Prufu geu ni kinyume chake, picha ndiyo kioo na uwanja ndio ukungu. Marekani ilitoa ya namna hiyo 2006 kwenye sarafu yake ya fedha iitwayo Eagle, nami nimeiona pichani tu. Prufu mati haing'ai kabisa, kama seti ya Uingereza ya 1902 na senti za Marekani zenye sura ya Lincoln za 1909 hadi 1916. Naogopa kufikiria ni ngapi zimesuguliwa na watu wema waliodhani zimechakaa.

Juni. Rafiki wa Nakuru kanikopesha krauni (sarafu kubwa ya Uingereza) ya 1951, ya tamasha la Uingereza, ndani ya boksi lake la karatasi. Uwanja unaakisi, kona zinaridhisha, lakini gazeti nalisoma kwa karibu tu, na ukingo si mkali kama wa seti ya baba mdogo. Krauni hizo nyingi zilitolewa zikiwa na sura ya prufu bila kuwa prufu. Yeye anasisitiza kwamba yake ni prufu. Nimeiweka krauni yake na nusu krauni ya baba mdogo sambamba mezani, nasubiri giza liingie.